Kapu la Mashati

Tangu maradhi yaingie mjini, Mwanatumu dobi hakuruhusiwa tena kuvuka geti la Bwana Ngoda. Nguo aliwekewa nje ndani ya kapu, akazifulie kwake. Wiki ya tatu alikuta tena mashati tu, akaingiwa na hofu kwamba amepatikana dobi mwingine.

“Baba, suruali zako nilizikosea nini?” aliuliza kupitia upenyo wa geti.

Bwana Ngoda akacheka. “Hujazikosea, mama. Siku hizi nafanyia kazi nyumbani, kwenye kompyuta. Wenzangu wananiona mwisho kifuani.”

Mwanatumu akainama kuchungulia chini ya geti. Aliona miguu mitupu, laini kama ya mtoto ambaye hajaanza kutembea.

“Na huko nje kukoje?” Bwana Ngoda akauliza kwa hamu.

Mwanatumu akalitazama vumbi lililompanda hadi magotini, asijue aanzie wapi.