Masizi Ndani ya Gobori

"Springi imechoka. Mti wangu usiuguse," baba alisema. Mti wa gobori lile, kuanzia kitako, aliuchonga mwenyewe, na kesho bintiye angeshindana nalo kulenga shabaha.

Binti aliuchomoa mtambo wa kufyatulia, wenye springi na nyundo, akaufyatua ukiwa mkononi. Nyundo ikaanguka kwa kishindo. Alipoufunga ndani ya mti na kuufyatua tena, nyundo iliteremka kivivu, kama mtu aliyeamshwa kabla hajashiba usingizi.

Akaupaka mtambo masizi ya mshumaa, akaufunga tena, akakaza skrubu, kisha akauchomoa. Ndani ya mti palibaki doa jeusi, jembamba kama ukucha, pale springi ilipokuwa ikikwaruza.

"Mti umevimba, baba."

"Mti wangu mimi?"

"Masizi hayajui heshima."

Baba alilifunika doa kwa kidole gumba.

"Ondoa kidole, baba," binti alisema, patasi ikiwa tayari mkononi.