Mtoto Aliyesimamishwa

Siku hizi mzazi anayekwenda kufanya kazi ng'ambo huruhusiwa kumsimamisha mwanawe. Kwa sindano moja, protini zinazoamuru seli zigawanyike hulazwa, na mtoto haoti hata ukucha. Ndiyo maana Bi Mwanaheri, mwaka wa tano sasa, bado anambeba mjukuu wake Nasra mgongoni kwa kanga.

“Mama, usimpeleke zahanati kufunguliwa akue,” binti yake alisihi kwenye simu. “Nataka nimkute vilevile nilivyomwacha.”

Simu ilipokatika, bibi akageuza shingo. “Kitendawili!”

“Tega,” ikajibu sauti nyembamba mgongoni.

“Kila nikigawanyika, naongezeka.”

“Seli,” akasema Nasra. “Za watoto wengine.”

Bibi akaikaza kanga, akashika njia ya zahanati.

“Bibi, mama akinikuta mkubwa, atalia?”

Bi Mwanaheri akasimama katikati ya njia, asijue aende au arudi.