Konsoli ya Moyo wa Ambakisye

Sheria ilitaka kila moyo wa mashine uliopandikizwa kifuani mwa mtu uchaguliwe programu ya kusimamia konsoli yake, kile kituo cha mwisho cha amri ambacho moyo hukitii hata mtandao ukikatika. Ambakisye alikuwa hoi kitandani, hivyo uchaguzi ukamwangukia mkewe, Sekela.

"Programu ya kwanza inamwachia mgonjwa mwenyewe kuamuru," fundi alimweleza sebuleni kwao, Tukuyu. "Ya pili inakupa wewe ufunguo, yeye anabaki kusoma tu. Lakini kwanza, mama, soma kumbukumbu hizi."

Sekela alisoma. Mara tatu wiki ile mumewe aliandika amri ya kuuzima moyo, na mara tatu akaifuta kabla ya kuituma.

"Mama Tusa," Ambakisye aliita kutoka chumbani, "umechagua ipi?"

Fundi aliinamisha macho. Sekela alibonyeza ya pili.

"Ya kwanza, baba Tusa," akajibu. "Moyo ni wako."

"Asante, mke wangu," alisema, kwa sauti ya mtu aliyetua mzigo. Kisha wakasikia vidole vyake vikiandika kwenye kibodi, taratibu, na safari hii havikusita.