Otieno Aje Mwenyewe

Kabla ya saa nne asubuhi Vivian alihitaji mume. Si wa kudumu. Wa nusu saa tu, mwenye koti, na ambaye hajaamkia pombe.

Alimpata Olima, mchimbaji aliyekuwa akila kwake kwa mkopo. Olima alikubali kwa chapati tatu na kusamehewa ugali wa wiki nzima.

"Sasa naitwa nani?" aliuliza, huku akilazimisha mabega yaingie kwenye koti la kuazima.

"Otieno."

"Na nakupenda?"

"Wewe nyamaza tu. Nikikohoa, sema ndiyo."

Vivian alikuwa amevuka mpaka wa Sirari miezi mitano iliyopita, aliposikia dhahabu imetoka huku, akafungua kibanda cha chakula machimboni. Unga na maharage alikopa duka la Scholastica, msichana wa rika lake. Siku ya kwanza Scholastica alimuuliza kama ana mume, maana mume wake yeye hakupenda kukopesha wapita njia. Vivian, ambaye kwa aibu yake hukubali lolote ili maongezi yaishe, akasema anaye. Anaitwa nani? Jina lililomjia haraka lilikuwa la marehemu baba yake. Likaandikwa kwenye daftari: Otieno.

Sasa deni lilikuwa laki tatu na nusu, na jana ujumbe ulimfikia. Mume wa Scholastica anarudi kutoka Mugumu. Deni ni la Otieno, basi Otieno aje mwenyewe. Asipokuja, masufuria yatabebwa.

Bila masufuria Vivian hana kazi, hana hata nauli ya kurudi kwao. Na kila mtu machimboni alikuwa na habari za huyo mume. Ndiye aliyeezua mabati ya Erasto, mdaiwa mwingine, Erasto akiwa bado amelala ndani.

Njiani, kwa fundi pancha, Olima alisimama kuomba sigara. Bibi mmoja alikuwa ameketi juu ya dumu, fimbo mkononi, akisubiri tairi la bodaboda aliyokodi lizibwe, dereva akiwa amekwenda kunywa chai.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu. Huyo bwana mbona koti linamkaba hivyo? Mnakwenda harusini?"

Vivian hakuwa mtu wa maneno. Lakini bibi huyu hamjui, na tairi likizibwa kila mtu atakwenda zake. Akajikuta ameeleza yote. Bibi alisikiliza, kidevu juu ya fimbo.

"Unamjua mume wa Scholastica, bibi?"

"Tangu azaliwe."

"Ni mkali?"

"Mkali sana! Ila magoti yamemchoka. Ukikimbia hakupati."

"Sasa nitafanya aje?"

"Kwanza huyo wa chapati mrudishe. Una shilingi ngapi?"

"Laki moja."

"Na hao wanaokula kwako, wanalipa lini?"

"Wanangoja mawe yao ya dhahabu yasagwe."

"Basi andika majina yao na kiasi cha kila mmoja. Mpe mdai wako hiyo laki na hiyo karatasi, wakisaga wamlipe yeye moja kwa moja. Kisha mwambie ukweli kuhusu Otieno, kwa mdomo wako mwenyewe. Mtu akikudai, kumchelewesha anavumilia. Kumfanya mjinga ndiyo hapendi."

Vivian alimtazama. "Bibi, haya mambo umeyajulia wapi?"

"Kwenye upweke. Nilijaliwa wasichana wanne, wote wakaolewa, nikabaki na ng'ombe wao. Nikakaa nikafikiri. Nikatoa ng'ombe kumi, na mwaka jana nikapata dume."

Vivian alikuwa amesikia kwamba watu siku hizi hubadilisha ng'ombe wengi wa kienyeji kwa dume moja la mbegu nzuri.

"La kisasa?" aliuliza kwa heshima.

Bibi alicheka mpaka fundi akaacha pampu. "La kisasa kabisa! Linanyonya usiku kucha."

Olima alirudi machimboni na chapati zake. Vivian aliazima kalamu kwa fundi, akaandika majina kumi na moja nyuma ya boksi la sigara. La kwanza lilikuwa la Olima.

Dukani, Scholastica alikuwa ameketi mlangoni akinyonyesha mtoto wake wa kiume.

"Otieno yuko wapi?"

Vivian akakohoa kwa mazoea. Hakuna aliyesema ndiyo.

"Hakuna Otieno," alisema hatimaye. "Sina mume. Sijawahi kuwa naye."

Scholastica hakukasirika. Alimhamishia mtoto kwenye titi la pili. "Hayo utamwambia mume wangu. Si huyo anafika?"

Pikipiki ilisimama mbele ya duka na vumbi likaifunika. Katikati ya vumbi Vivian aliona mwanaume mpana, koti la ngozi, kofia ngumu nyeusi iliyofunika uso. Miguu ilitaka kukimbia. Akakumbuka yale magoti, akaona aibu, akamkimbilia yeye kabla hata hajazima injini.

"Shikamoo baba, mimi ndiye mwenye deni, sina mume, nilidanganya, laki hii hapa, na majina haya hapa!"

Mwanaume alivua kofia, akaziangalia zile noti.

"Dada, nauli ni elfu tano. Na bibi ameshalipa."

Nyuma yake bibi alikuwa akishuka polepole, mkono kwenye goti. Alipokea laki, akapokea boksi la sigara, akapita mpaka nyuma ya kaunta. Akaketi kwenye kiti chenye mto, akampakata mtoto, dume lake la kisasa, akavuta daftari.

"Mke wangu," alimwambia Scholastica, aliyemwoa kwa ng'ombe kumi kama mila ya huku inavyomruhusu mwanamke asiye na mtoto wa kiume, "futa Otieno. Andika Vivian."