Jiwe Juu ya Stuli

Jumatatu niliona jiwe langu halining'inii tena. Baba alilitoa ziwani Mugango, maana hospitali haikuwa na uzito wa kufungwa kwa kamba uuvute mguu wangu uliovunjika, usifupike. Mwanafunzi wa udaktari alilipandisha juu ya stuli ili apite, akalisahau hapo. Maumivu yalipungua. Nikadhani napona.

Ijumaa daktari anayewafundisha alinifunua shuka bila hodi, mbele ya wanafunzi wote, akapima.

"Mguu umefupika. Huyu atachechemea. Kwa nini?"

"Hawa wa vijijini hawatuliagi kitandani," alijibu yuleyule wa stuli. Wenzake walicheka.

Sikuwa nimewahi kumsemesha daktari yeyote. Nilimtazama yule kijana mpaka akashusha daftari lake.

"Mimi nimetulia tangu Jumatatu, dokta. Jiwe juu ya stuli uliliweka wewe."