Binti wa Jirani

Atuganile alipotoka Tukuyu kwenda chuo kikuu Dodoma, mama yake alipewa binti mwingine. Ndivyo sheria ilivyotaka: anayehamia mbali na mzazi hahesabiwi tena kuwa mwanawe, na nafasi yake hushikwa na jirani. Chuoni alisomea ustawi wa jamii pamoja na jiografia ya watu, na katika masomo yote mawili alieleza vizuri kwa nini mzee atunzwe na aliye karibu naye.

Siku aliyosikia mama amelazwa, alipanda basi bila kumuaga mtu. Wodini alimkuta Sekela, yule binti mpya, akimlisha mama uji.

"Karibu, dada," Sekela alisema kwa upole. "Daktari anataka kumpasua kesho. Nimeshatia sahihi."

"Bila kuniuliza?"

"Wangekuulizaje? Jina lako halimo tena."

Atuganile alitafuta la kumjibu, lakini yote aliyosomea yalikuwa upande wa Sekela. Akaomba bakuli, angalau amlishe mama mwenyewe. Mama alikunywa vijiko viwili, akageuza uso.

"Mrudishie Sekela, mwanangu. Wewe unanimwagia."

Akalirudisha, akabaki amesimama miguuni pa kitanda, hajui mikono aiweke wapi. Mama akamtazama kwa huruma.

"Na huko Dodoma," aliuliza, "bibi uliyepewa wewe umtunze, umemwacha na nani?"

Atuganile hakuwa amemwacha na mtu.