Kofia Chini ya Mwali

Bwana Khelef, mwenye kiwanda, alizileta mwenyewe soketi zake mpya za umeme kwa mpimaji wa usalama wa moto, akazipanga mezani kama mtu aliyepeleka posa.

"Plastiki hii ina unga mpya wa kuzuia moto, Bi Siwema. Haina klorini wala bromini. Ikishika moto hujizima yenyewe, na moshi wake haumkabi mtu."

"Hata zile za mwanzo uliapa hivyo hivyo."

Mdogo wake Siwema, Riziki, alikutwa amelala chini ya soketi ya Khelef iliyoyeyuka ukutani. Hakuungua hata ukucha. Moshi ndio uliomtoa roho. Khelef hakuja hata kuhani, na kwa miaka minne Siwema alikuwa akimsubiri aingie mlango huu.

Alikibana kipande cha plastiki kwenye koleo. Kwa desturi, chini yake huwekwa pamba. Tone la moto likiiwasha, au mwali usipozimika kabla ya hesabu ya kumi, plastiki imekataliwa. Kabatini pamba ilikuwa tele.

"Pamba imekwisha," alisema Siwema. "Nipe kofia yako."

Khelef aliishika kichwani. Marehemu mkewe aliishona kwa mkono mwaka mzima. "Kofia hii, Bi Siwema?"

"Si umesema hujizima?"

Akaivua taratibu, akaiweka. Siwema aliwasha moto, akahesabu hadi kumi, akauondoa. Mwali mdogo ukabaki kwenye plastiki. Chini yake tone likavimba, likaning'inia.

Khelef akanyoosha mkono.

"Usiguse," alisema Siwema, akaanza kuhesabu tena, polepole.